Nimonia Inayorudi Upande Ule Ule: Jinsi Kansa ya Mapafu Inavyotambuliwa kwa Mtoto

Kama una kazi mikononi, endelea nayo, lakini masikio yawe hapa.

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao ni nadra sana, yaani kansa ya mapafu kwa watoto. Wauguzi wengi hufanya kazi mpaka wakastaafu bila kumwona hata mtoto mmoja mwenye ugonjwa huu. Huenda ukauliza: basi sista, mbona utuchoshe na jambo ambalo halitatufika? Nitakujibu. Njia inayotumika kuitafuta kansa hii ndiyo njia inayotufikisha kwenye magonjwa mengine mengi ya kifua yasiyopona: kifua kikuu kilichojificha, punje ya mahindi iliyoingia kwenye njia ya hewa, pumu, usaha uliojaa kifuani, hata uvimbe wa figo. Mama anayeijua njia hii hapotezi miezi akinunua dawa ile ile.

Na mimi ninazungumza kama mtu ambaye aliwahi kuchelewa.

Mtoto aliyenifundisha

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika zahanati moja ya mashambani. Ilikuwa Julai, na nyinyi mnajua Julai yetu hapa chini ya Mlima Kenya: ukungu asubuhi hadi saa nne, baridi inayoingia mifupani, na benchi la kliniki limejaa watoto wanaokohoa. Akaja mama na mtoto wa miaka 3. Alikuwa na joto jingi mwilini na alikuwa akipumua haraka. Nilihesabu pumzi zake, nikaona ni nimonia, nikampa amoksilini ya siku 5. Kwa dalili zile, hiyo ndiyo dawa iliyofaa. Joto likashuka, mama akashukuru.

Baada ya wiki tatu alirudi. Siku hiyo nilikuwa likizo, akahudumiwa na mwenzangu. Akapewa dawa tena, na tena akapata nafuu kidogo. Alipougua mara ya tatu mama alipitia kwa kemisti sokoni, akauziwa chupa ya dawa ya kikohozi na vidonge. Mara ya nne akarudi kwangu. Hakuwa amebeba kijitabu cha mama na mtoto, maana alihofia kitalowa mvua. Kwa hivyo mimi niliona mtoto mwenye nimonia, nikaandika nimonia, nikampa dawa ya nimonia.

Mara ya tano mtoto aliletwa na cucu yake. Yule mama mzee alikaa, akasubiri nimalize kuandika, kisha akasema: "Sista, huyu mtoto halali upande wa kushoto. Ukimlaza hivyo anaamka akilia. Na kila akiugua, ni upande huu wa kulia ndio unaomsumbua."

Nikachukua kile chombo cha kusikilizia kifua. Upande wa kushoto nilisikia hewa ikiingia na kutoka. Upande wa kulia nilisikia kimya. Sikusikia hata kukwaruza kule kwa nimonia. Nikaona aibu, kwa sababu cucu huyo, ambaye hakuwa na chombo chochote, alikuwa amesikia zaidi yangu.

Tutarudi kwa mtoto huyu. Kwanza nataka tuelewane kuhusu jambo moja.

Kikohozi kingi si kansa

Tafadhali usizime redio ukakimbia hospitalini ukilia kwa sababu mtoto anakohoa. Watoto wadogo hupata mafua na kikohozi mara nyingi kwa mwaka, na kikohozi kingi huisha chenyewe. Kinachoua watoto wetu zaidi kifuani ni nimonia, na nimonia ina dawa. Tangu mwaka 2011 Kenya imekuwa ikiwapa watoto chanjo ya kuwakinga na kijidudu kimoja kikuu cha nimonia, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hakikisha mtoto wako amezipata zote tatu.

Jifunze pia kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Funua kifua, tazama saa ya simu, uhesabu kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi chini ya mwaka 1 akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au midomo imegeuka rangi, au hawezi kunyonya wala kunywa, hiyo ni dharura. Usingoje gari la asubuhi.

Lakini nimonia ya kawaida ina tabia yake. Ikipata dawa inayofaa, katika siku 2 hadi 3 mtoto huanza kuchangamka: joto hushuka, pumzi hupungua, anaanza kudai chakula. Baada ya kumaliza dawa, hupona na kuendelea na michezo. Ikiwa haifuati tabia hiyo, ndipo tunapoanza kuuliza maswali.

Kansa hii ni ipi?

Kansa ya mapafu tunayoisikia kwa watu wazima huhusishwa zaidi na sigara. Ya watoto ni nyingine kabisa, na iko ya aina mbili.

Aina ya kwanza, ambayo ndiyo huonekana zaidi, ni kansa iliyoanza mahali pengine ikasafiri kwa damu hadi mapafuni. Kuna kansa ya figo ya watoto iitwayo uvimbe wa Wilms. Mara nyingi mama mwenyewe ndiye huigundua akimwogesha mtoto: tumbo limevimba na ni gumu upande mmoja. Kuna pia kansa ya mfupa, ambayo hupenda vijana wanaobaleghe, hasa karibu na goti. Halafu kuna kansa ya tezi, ambayo inaweza kukua katikati ya kifua na kubana njia ya hewa.

Aina ya pili ni kansa inayoanzia kwenye pafu lenyewe. Kwa watoto wadogo, iliyo kuu ni ile ambayo madaktari huiita pleuropulmonari blastoma, au kwa kifupi PPB. Ilitambuliwa kuwa ugonjwa wa peke yake mwaka 1988. Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 7. Kwa mtoto mchanga huanza kama mifuko ya hewa ndani ya pafu, kama povu la sabuni. Isipotolewa, kuta za mifuko hiyo zinaweza kuanza kuota nyama, na mwishowe pafu likajaa uvimbe mgumu.

Hapa ndipo muda unapokuwa na thamani. Mwaka 2015 kituo cha kimataifa cha kumbukumbu za ugonjwa huu, kilichoko Marekani, kilitoa matokeo ya wagonjwa 350. Waliogunduliwa wakiwa bado na mifuko ya hewa tu, takriban 9 katika kila 10 walikuwa hai miaka 5 baadaye. Waliogunduliwa uvimbe ukiwa mgumu wote, ni kama nusu tu. Kwa hivyo wiki tunazopoteza kwa kubahatisha dawa si jambo dogo.

Mama, sikiza na hili: PPB haitokani na baridi uliyomtoa mtoto nayo, wala uji uliompa, wala moshi wa jikoni kwako, wala laana ya mtu. Moshi ni mbaya kwa mapafu na tunaupiga vita, lakini si wenye kesi hapa. Mwaka 2009 wanasayansi waligundua kwamba watoto wengi wenye PPB wana kasoro katika jini moja iitwayo DICER1. Jini ni yale maandishi madogo ndani ya mwili yanayofanya mtoto afanane na baba au mama. Kasoro hiyo inaweza kurithiwa kutoka kwa mzazi ambaye mwenyewe hajawahi kuugua, au ikaanza kwa mtoto mwenyewe. Hakuna aliyeichagua, na hakuna wa kulaumiwa.

Dalili za kukufanya uulize

Kansa hii haina dalili yake ya kipekee. Hujivika nguo za nimonia: kikohozi, joto, pumzi za haraka, uchovu, kukonda, maumivu ya kifua au hata ya tumbo. Ndiyo maana huwadanganya wauguzi na madaktari wazoefu. Kinachotofautisha ni mwenendo. Uliza maswali zaidi ukiona haya:

Moja, kikohozi kimepita siku 14.

Mbili, mtoto amemaliza dawa kama alivyoagizwa lakini hajapona, au anapata nafuu ya siku chache tu kisha anarudi pale pale.

Tatu, ugonjwa unarudi upande ule ule wa kifua.

Nne, mtoto anapungua uzito. Angalia ile chati ya ukuaji. Mstari ukilala au ukishuka, mwonyeshe muuguzi.

Tano, ana kitu kingine pamoja na kifua: tumbo gumu, uvimbe shingoni au kwapani, mfupa unaouma usiku.

Sita, mtoto amebanwa pumzi ghafla bila kuugua kabla. Mara nyingine mfuko wa hewa hupasuka na hewa ikajaa nje ya pafu. Hiyo ni dharura.

Nakariri: mtoto mwenye moja ya haya si lazima awe na kansa. Wengi wao watapatikana na kifua kikuu, pumu, au kitu kilichomezwa vibaya. Lakini kila mmoja wao anahitaji zaidi ya chupa nyingine ya dawa.

Safari ya uchunguzi, hatua kwa hatua

Akina mama wengi huniambia kinachowaogopesha zaidi ni kutojua wanakopelekwa. Basi tutembee pamoja.

Hatua ya kwanza ni eksirei ya kifua. Hospitali zetu za rufaa za kaunti, kama Nyeri, Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki, zina mashine hizo. Picha huchukua muda mfupi sana na haiumi. Kwenye picha hewa huonekana nyeusi, na vitu vizito huonekana vyeupe. Nimonia huacha doa jeupe ambalo baada ya matibabu linapaswa kufifia. Kwa hivyo picha ya pili, ya kulinganisha na ya kwanza, mara nyingi husema zaidi kuliko ya kwanza. Doa lisilofifia, au lililoongezeka, lazima lielezwe.

Hatua ya pili ni kutafuta yale yaliyo ya kawaida zaidi, na hasa kifua kikuu. Watapima makohozi. Mtoto mdogo hajui kutema, kwa hivyo wanaweza kutumia majimaji ya tumboni yanayovutwa kwa mrija mwembamba, au hata choo chake, kwa sababu makohozi anayomeza hupitia huko. Watauliza kama kuna mtu nyumbani anayekohoa au anayetumia dawa za kifua kikuu. Watakushauri pia apimwe virusi vya ukimwi. Usichukie, ni sehemu ya kazi.

Hapa nataka tusimame kidogo. Kumtambua mtoto mwenye kifua kikuu ni vigumu, maana mara nyingi vipimo havioni kijidudu. Basi madaktari wakati mwingine huanza dawa kwa kutazama dalili na picha. Ni jambo la haki, na limeokoa watoto wengi. Tangu mwaka 2016 Kenya ina dawa za kifua kikuu za watoto zinazoyeyuka majini na zenye ladha tamu. Lakini dawa hizo nazo ni kipimo. Mtoto akizinywa vizuri kila siku kwa mwezi mmoja au miwili bila kuongeza uzito wala kupata nafuu, rudi useme hivyo waziwazi. Usisubiri miezi yote iishe. Na pia usiziache mwenyewe kimya kimya.

Hatua ya tatu ni picha ya ultrasaundi, ile ile uliyopigwa ukiwa mjamzito. Kifuani husaidia kutenganisha maji na nyama. Tumboni husaidia kutazama figo na ini, kwa sababu, kama nilivyosema, uvimbe wa mapafuni unaweza kuwa umetokea kwenye figo.

Hatua ya nne ni skani ya CT. Mtoto hulazwa kwenye kitanda kinachopita ndani ya duara kama tairi kubwa. Mashine hukata picha nyingi nyembamba za kifua, kama mkate uliokatwa vipande, ili daktari aone uvimbe umeanzia wapi na umegusa nini. Mtoto mdogo anaweza kupewa dawa ya usingizi ili asisogee, kwa hiyo utaambiwa asile kwa saa kadhaa kabla. Fuata maagizo hayo hata akilia njaa. Chakula kikipanda wakati amelala kinaweza kuingia mapafuni.

Hatua ya tano ndiyo inayotoa uamuzi: kuchukua kipande cha uvimbe wenyewe kikapimwe. Wengi hukiita kipimo cha nyama, na madaktari hukiita biopsi. Daktari mpasuaji huchukua kipande kidogo kwa sindano nene au kwa upasuaji. Kama uvimbe unaweza kutolewa wote kwa usalama, mara nyingine huutoa mara moja. Kipande huwekwa kwenye dawa ya kukihifadhi, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, na mwanapatholojia hukitazama kwa darubini. Hakuna eksirei wala CT inayoweza kutamka peke yake kwamba hii ni PPB. Mwenye neno la mwisho ni darubini. Na kwa sababu ugonjwa wenyewe ni nadra, mwanapatholojia mmoja anaweza kutaka mwenzake naye atazame. Ndiyo maana majibu huchukua siku nyingi, wakati mwingine wiki kadhaa.

Hatua ya mwisho, kansa ikithibitishwa, ni kutazama kama imeenea. PPB inaweza kufika kwenye ubongo na mifupa, kwa hiyo watapiga picha huko pia. Ndipo timu ya kansa ya watoto itapanga matibabu: upasuaji, na kwa wengi dawa za kansa za mshipani. Kwa sisi wa huku, rufaa mara nyingi huelekea Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Eldoret pia, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi inatibu watoto wenye kansa.

Yule mtoto wetu

Siku ile niliandika barua ya rufaa kabla ya chai ya saa nne. Eksirei ilipopigwa, upande wa kulia wote ulikuwa mweupe. Kule alikopelekwa walidhani ni usaha, jambo ambalo hata mimi ningedhani. Wakaweka mrija kifuani kuutoa. Haukutoka usaha, ilitoka damu kidogo tu. Daktari kijana aliyekuwa zamu hakuusukuma mrija ndani zaidi. Alisimama, akasema hiki si kiowevu, akaomba ultrasaundi. Ilikuwa nyama.

Kutoka hapo walipelekwa Nairobi. CT, kisha kipimo cha nyama. Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Mjomba mmoja alisema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, afadhali mtoto aombewe arudishwe nyumbani. Mama alinipigia simu usiku, akilia. Nilimwambia ninachowaambia nyinyi leo: kisu cha daktari hakiibuni kansa. Watu huona mgonjwa akipasuliwa kisha akafa, wakalaumu kisu, kumbe ugonjwa ulikuwa umefika mbali kabla ya kisu. Bila kile kipande cha nyama, hakuna daktari anayejua atumie dawa gani. Maombi na yafanyike, hata mimi nitaomba, lakini yafanyike mtoto akiwa wodini.

Cucu ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Tumetibu jina la ugonjwa mwingine kwa miezi minne. Wacha tujue jina la huu." Mama akatia sahihi.

Majibu yalikuja: PPB, ile ngumu. Alipasuliwa, akapata dawa kwa miezi mingi, nywele zikaisha, zikaota tena. Yuko hai. Ana kovu refu ubavuni, na huchoka haraka akipanda mlima. Nashukuru Mungu. Lakini mimi sisahau kwamba uvimbe ule ulikua kwa miezi minne huku mimi na wenzangu tukiandika neno moja mara nne.

Kazi yako wewe mama

Huhitaji kujua udaktari. Kazi yako ni kubeba kumbukumbu.

Beba kijitabu cha mama na mtoto kila safari, hata unapoenda kwa kemisti. Kifunge ndani ya mfuko wa nailoni, mvua haitakiweza. Hakikisha kila ugonjwa na kila dawa imeandikwa humo.

Tunza picha za eksirei. Usizikunje, usiziweke karibu na moto. Kama hospitali inatumia kompyuta, omba picha yenyewe pamoja na maelezo yaliyoandikwa.

Unapoingia kwa daktari, anza na mwenendo. Usiseme tu "mtoto anakohoa." Sema: "Hii ni mara ya tatu tangu Mei. Amepewa dawa hii na hii, amezimaliza. Ni upande wa kulia kila mara. Amepungua kilo moja." Kisha uliza kwa heshima: "Daktari, mbona haponi? Kuna kitu kingine tunachoweza kutafuta?" Hilo si utovu wa adabu. Muuguzi mwema atakushukuru.

Shughulikia pia karatasi mapema. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Jisajili, uandikishe na watoto, na uweke cheti cha kuzaliwa mahali unapokijua. Wakati wa rufaa si wakati wa kutafuta cheti chini ya godoro.

Maswali ya wasikilizaji

Mama mmoja anauliza: eksirei nyingi hazitamletea mtoto kansa?
Eksirei moja ya kifua ina miale kidogo sana. Skani ya CT ina miale zaidi, ndiyo maana hatuipigi bila sababu. Lakini mtoto asiyepona ana sababu. Madhara ya kutojua ni makubwa kuliko ya picha.

Mwingine anauliza: mtoto mwenye kansa atawaambukiza wenzake?
Hapana. Kansa haiambukizwi kwa kikombe, kitanda wala kucheza. Kifua kikuu ndicho huambukiza kupitia hewa. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka jina kamili la ugonjwa.

Wa tatu anauliza: kama mmoja ana PPB, ndugu zake je?
Mwambie daktari wa kansa kuhusu ukoo wote: mtoto mwingine aliyekuwa na mifuko ya hewa kwenye pafu au uvimbe wa figo, kijana mwenye uvimbe wa koo, msichana mwenye uvimbe wa ovari. Hayo yote yanaweza kutokana na ile jini ya DICER1. Daktari ataamua kama wadogo zake wapigwe picha ya kifua. Wengi wenye kasoro hiyo hawaugui kamwe, kwa hiyo ni ulinzi, si hukumu.

Tumalizie

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata kansa kila mwaka ulimwenguni. Katika nchi tajiri zaidi ya 8 katika kila 10 hupona. Katika nchi nyingi kama zetu ni chini ya 3. Sehemu ya tofauti hiyo ni mashine na dawa, na hayo si ya mama kuyatengeneza. Lakini sehemu nyingine ni kuchelewa kutambua, na hapo mimi na wewe tuna kazi.

Basi kumbuka haya. Kikohozi cha zaidi ya siku 14 kipimwe. Nimonia isiyopona kwa dawa ipigwe picha. Picha irudiwe ilinganishwe. Dawa ile ile isitolewe mara ya tatu bila mtu kuuliza kwa nini. Na ukiombwa ruhusa ya kuchukua kipande cha nyama, uliza maswali yako yote, kisha usikimbie.

Leo jioni ukimwogesha mtoto, mtazame kifua akivuta hewa. Pande zote mbili zinainuka sawasawa? Weka mkono tumboni, uone kama ni laini. Anapenda kulala upande gani? Ukiona kitu kimebadilika, kiandike, uje nacho kliniki. Tutakusikiliza.

Kwaherini, tuonane wiki ijayo.